Mikeka Saba kwa Kila Mtu

Hapo zamani, siku ya Alhamisi, siku ya kumi na mbili ya mwezi wa Mfunguo Nne, yapata saa mbili ya asubuhi, mambo yaligeuka katika mji wa Shungi. Siku na saa zimehifadhiwa, ila mwaka haukuhifadhiwa. Saa hiyo ililia mbiu ya mgambo, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Basi watu wakatoka majumbani, hata aliyekuwa akitafuna muhogo akatoka nao mdomoni. Mpiga mbiu akasimama njia panda, akasema:

"Enyi watu wa Shungi! Sultani wenu awasalimu, tena awapa habari njema. Waziri ameupima mji wote kwa kamba na kwa mkeka, akahesabu na vichwa vyenu, kisha akagawanya. Imeonekana kuwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, anayo bustani ya mikeka saba. Mikeka saba kwa kila mtu! Mshukuruni Mungu, kisha mshukuruni Sultani. Na kwa kuwa bustani imewazidi, uwanja wa Mkadini umetolewa katika hesabu, na kuanzia leo patajengwa ghala la Waziri. Mwenye masikio na asikie."

Watu waliposikia hayo, kila mmoja akatazama nyuma yake, kama mtu aliyeambiwa kuwa ana mkia.

Maana mji ule wa Shungi ulikuwa mji wa nyumba zilizobanana. Mtu akipiga chafya katika nyumba ya kwanza, aliyemwombea rehema alikuwa katika nyumba ya tatu. Mahali pa wazi palikuwa pamoja tu, nao ni uwanja wa Mkadini, wenye majani mafupi na miti minne ya mikadi kando yake. Hapo ndipo wanawake waliposhona mikeka alasiri, ndipo watoto walipocheza, na ndipo wazee walipoota jua la asubuhi. Mtu akioa, karamu hutandikwa Mkadini. Mtu akifiwa, matanga hukaliwa Mkadini. Hapakuwa na mlango, wala bawabu, wala mtu wa kuombwa ruhusa.

Basi sababu ya kupimwa mji ilikuwa hivi. Sultani wa mji wa Mafumbi, ambao ni safari ya siku tatu, alimwandikia barua Sultani wa Shungi, aitwaye Fumo Hashil. Akamwambia katika barua ile, "Ndugu yangu, nimewapimia raia zangu, nikaona kila mmoja anayo bustani ya mikeka mitatu ya kupumzikia. Je, wako wana mingapi?" Sultani Fumo Hashil alipoisoma, chakula cha mchana kikamshinda. Akamwita Waziri wake, jina lake Badiri, akamwamuru, "Nenda ukapime."

Waziri Badiri akaanza na Mkadini. Akapima, akahesabu, akagawanya, ikatoka nusu mkeka kwa kila mtu. Akaona si vyema kumpelekea Sultani habari ya nusu mkeka, kwa kuwa wapelekao habari za namna hiyo hurudi bila kilemba. Basi akajiambia, "Bustani ni nini? Ni mahali penye majani." Akaenda akapima bustani ya Sultani, iliyo ndani ya ukuta. Akapima shamba lake mwenyewe la michungwa, nalo lina ukuta. Akapima ziwa la mayungiyungi, kwa kuwa yungiyungi nalo ni jani. Akapima paa la forodha kuukuu lililoota nyasi. Mwisho akapima makaburi, ambayo yalikuwa makubwa kuliko vyote, na kila mwaka yanazidi. Alipojumlisha, ikatoka mikeka saba na kidogo. Kile kidogo ndicho kilichompa tamaa ya Mkadini.

Sasa katika mtaa wa Mkadini alikuwapo mtu fukara aitwaye Mtumweni, mchimba makaburi. Alikuwa na kanzu moja, jembe moja, na binti mmoja, jina lake Mwanasha. Mkewe alifariki miaka miwili kabla ya siku ile, na kaburi lake alilichimba Mtumweni kwa mkono wake. Watu walimwita mjinga, kwa sababu akiulizwa maneno huyajibu kama yalivyo. Na nyumba yake ilikuwa ndogo, hata akiingia mgeni, mwenye nyumba hutoka.

Binti yake Mwanasha alikuwa ameposwa na kijana mshona kofia, na arusi ilikuwa Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya Alasiri, na karamu Mkadini. Basi mpiga mbiu alipomaliza kusema, Mtumweni aliyatazama yale matangazo moyoni mwake, akacheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Askari wakamkamata, wakampeleka barazani kwa Sultani.

Sultani akamwuliza, "Wewe ndiwe uliyecheka?"

Akajibu, "Ndimi, Maulana."

"Wacheka nini?"

"Nimecheka kwa furaha, Maulana. Nina miaka hamsini, na sijapata kuwa na mkeka mmoja usiotoboka. Leo naambiwa nina saba, tena yenye majani. Ila nilitaka kujua iko wapi, nikaikalie."

Waziri Badiri akaingia kati, akasema, "Imeandikwa katika daftari. Bustani ya Maulana, shamba langu, ziwa, paa la forodha, na makaburi."

Mtumweni akasema, "Makaburini! Miaka yote hii, Bwana Waziri, mimi nilidhani nafanya kazi, kumbe nastarehe."

Watu wa barazani wakaziba midomo kwa vilemba. Waziri akasema kwa hasira, "Makaburi yana majani. Penye majani ni bustani."

"Kweli, Bwana. Na wenyeji wa pale, uliwahesabu katika vichwa?"

"Wafu hawahesabiwi!"

"Basi umechukua uwanja wao ukawaacha wenyewe. Hata mla karamu humkumbuka mwenye nyumba."

Sultani akaghadhibika, kwa kuwa aliona ghadhabu ni rahisi kuliko kufikiri. Akasema, "Sikiliza, mjinga wewe. Ijumaa ya wiki ya pili, baada ya Alasiri, mjumbe wa Sultani wa Mafumbi atakuwa hapa, aje aone kwa macho yake. Nawe uliyecheka ndiwe utakayemwonyesha. Kila mtu wa mtaa wa Mkadini awe katika bustani yake, kama ilivyoandikwa, asikosekane hata mmoja. Akikosekana mtu, utatoka katika mji huu wewe na binti yako, na hata siku utakapokufa hutazikwa humu."

Mtumweni aliposikia neno la kuzikwa, kicheko kikamwisha. Maana mahali pake pa kuzikwa alikuwa amekwisha kujipimia, kando ya mkewe, na kila Ijumaa hupapalilia. Akainamisha kichwa, akasema, "Maulana, hiyo ni siku ya arusi ya binti yangu."

"Basi arusi na ifanywe bustanini," akasema Sultani. "Si mnayo mikeka saba saba?"

"Na milango ya bustani yako, Maulana, itafunguliwa?"

"Bustani yangu haiingiwi."

"Wala yangu," akasema Waziri.

"Nimesikia," akasema Mtumweni. "Basi naomba jambo moja tu. Nipewe daftari la Waziri lenye muhuri, nami nitalifuata kama lilivyoandikwa, sitaongeza wala sitapunguza."

Sultani akampa, na Waziri akatabasamu, kwa kuwa aliona mtu akijifunga kamba mwenyewe.

Mtumweni akarudi kwake. Njiani akapita Mkadini, akaona vigingi vimekwisha kupigwa na miba imezungushwa. Nyumbani akamkuta dada yake, Bi Tatu, amekwisha kupata habari, maana habari katika mji ule haikuwa na haja ya miguu.

Bi Tatu akamwambia, "Kaka, ulimi wako huo utatuzika kabla ya jembe lako. Mtoto hana mama, na sasa hana mahali pa arusi, na kesho hatakuwa na mji. Ulikuwa na haja gani ya kucheka?"

"Kicheko kilikuja chenyewe, dada."

"Kingekuja ukakimeza! Wenzako hawamezi? Mimi tangu niolewe nameza."

Mtumweni akasema, "Dada, nimeamriwa kuwaweka watu katika bustani zao. Daftari hili hapa. Nitawaweka. Wewe nimekuandikia paa la forodha."

"Mimi? Na magoti haya?"

"Kuna ngazi."

Bi Tatu akamtazama sana kaka yake, akaona uso wake hauna mzaha, na hapo ndipo alipoelewa. Akaenda kutafuta ngazi.

Kisha Mtumweni akaenda kwa Kadhi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kumcha Mungu, wala hakutaka kuwaudhi wafu kwa ajili ya walio hai. Akamweleza jambo lake lote. Kadhi akafunga macho, akafikiri, akasema, "Nikaha nitaifunga msikitini, hiyo haina neno. Makaburini mtakaa katika vijia. Msikanyage kaburi, msiketi juu yake, mvue viatu. Ngoma marufuku. Makelele marufuku. Ama kula chakula vijiani, nimetafuta wa kukataza sikumwona. Ila nimetafuta pia mwenye akili aliyepata kufanya hivyo, naye sikumwona."

Mtumweni akasema, "Ahsante, Sheikh. Mwenye akili hatutamhitaji."

Zikapita siku, mtaa mzima ukaambiwa, kila mtu akapewa mahali pake, na Ijumaa ikafika. Mjumbe wa Mafumbi alikuwa ameingia tangu Alhamisi: mtu wa makamo, mwembamba, mwenye adabu nyingi na wino vidoleni. Baada ya Alasiri Sultani akapanda punda wake mweupe, mjumbe akapewa punda, Waziri akapewa punda, na Mtumweni akatangulia kwa miguu, daftari mkononi.

Mahali pa kwanza palikuwa nyuma ya jumba la Sultani, nje ya ukuta. Hapo wakakuta watu sitini wamesimama safu moja, kila mtu na mkeka uliokunjwa kwapani, na nyuso zao zimeelekea ukutani, pua karibu kugusa chokaa.

Mjumbe akamwuliza mzee wa mwisho wa safu, "Mzee wangu, shikamoo. Mwafanya nini hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Tumo bustanini."

"Sioni bustani."

"Iko upande wa pili. Sisi twainusa. Leo mlangilangi umechanua, twamshukuru Mungu. Juzi ulikuwa msimu wa samadi."

Sultani akakohoa. Mtumweni akasoma katika daftari, "Bustani ya Maulana. Watu sitini. Wamo wote," akaendelea na njia.

Mahali pa pili palikuwa ukuta wa shamba la Waziri, na hapo watu arobaini wamekaa chini wamezunguka kitu wasichokiona. Mjumbe akauliza habari, na mwanamke mmoja akajibu, "Bwana, mwaka juzi chungwa moja lilianguka upande huu. Mpaka leo twahadithiana."

"Lilikuwa tamu?"

"Hatukuafikiana. Tulikuwa watu arobaini."

Mjumbe akatoa kalamu, akaandika kidogo. Waziri Badiri akatoa leso, akajifuta.

Wakafika ziwani. Huko wanaume thelathini walisimama majini mpaka kifuani, kila mmoja na mkeka kichwani, katikati ya mayungiyungi. Walikuwa wametulia kama watu wa baraza. Wawili walikuwa wakicheza bao, na bao lenyewe limefungwa juu ya gogo lielealo.

Mtumweni akaita, "Je, jamaa, mwaonaje?"

Mmoja akajibu, "Twashukuru, bustani ina baridi. Ila mwambie Waziri kuwa mikeka yangu saba, miwili ina kina kirefu, sijaifikia."

Mjumbe akaandika. Sultani akamwuliza Waziri kwa sauti ya chini, "Badiri, uliyapima na maji?"

"Maulana, yalikuwa na majani juu."

Wakafika forodha kuukuu. Juu ya paa lake, katikati ya nyasi ndefu, wakamwona Bi Tatu amekaa na wanawake kumi, wameshikana mikono kama watu walio jahazini. Alipowaona akapaza sauti, "Karibuni, Bwana Mjumbe! Karibuni bustanini! Ila asipande mtu wa pili kabla ya wa kwanza kushuka, bustani isije ikatumwaga!"

Mjumbe akauliza, "Na nyinyi, bibi, mtashuka vipi?"

"Hilo, baba, halikuandikwa katika daftari!"

Hata hapo Sultani alikuwa amekunja uso, wala haikujulikana kama ni kwa hasira au ni kwa kitu kingine anachokizuia. Akasema, "Mtumweni, umebakiza wangapi?"

"Waliobaki ni wengi kuliko wote, Maulana. Ni mia na themanini, na arusi yangu imo. Tafadhali, tukifika tuvue viatu, tena tuseme polepole."

Basi wakafika makaburini. Wakashuka, wakavua viatu, wakaingia. Na ndani walikuta jambo ambalo halijapata kuonekana Shungi kabla ya siku ile wala baada yake, arusi nzima yenye watu mia na themanini, na hapasikiki sauti.

Watu walikaa vijiani, safu nyembamba, magoti yamebana, kila mtu akijikunja asiguse kaburi la jirani. Sahani za pilau zilipita mkono kwa mkono, na kila mpokeaji alinong'ona, "Bismillahi." Mpiga ngoma alikuwapo, na ngoma yake imelala kifudifudi kando, naye akipiga juu ya paja lake kwa vidole viwili. Wanawake walipotaka kupiga vigelegele, walijifunika kanga mpaka machoni, wakavipiga ndani kwa ndani, na mabega yao yakatikisika. Mama wa bwana arusi alikuwa akimkaripia mpishi kwa ishara za mikono, na mpishi akijitetea kwa nyusi.

Mjumbe akainama akasema, "Assalamu alaykum, enyi watu wa makaburini." Kisha akamnong'oneza Mtumweni, "Kwa nini arusi hii ni ya kunong'ona?"

Mtumweni akamnong'oneza, "Kwa sababu bustani hii, Bwana, ina wenyewe, nao wamelala. Tuliwakuta. Katika daftari hawamo, ila hapa wamo."

"Na yule binti aliyekaa peke yake pale mwisho, ndiye bibi arusi?"

"Ndiye. Hakukaa peke yake. Yupo na mama yake."

Mjumbe akatazama, akamwona Mwanasha amevaa leso ya arusi, amekaa kimya kijiani kando ya kaburi lililopaliliwa vizuri, mkono wake umewekwa juu ya ukingo wa jiwe. Na kwa mara ya kwanza siku ile, hapakuwa na mtu aliyetaka kucheka. Sultani naye aliona. Alikuwa amewazika watoto wawili katika makaburi yale yale, na hapo ndipo alipokumbuka kuwa na wao wamepimwa kwa kamba.

Kisha mjumbe akafunga kitabu chake, akaketi kijiani kama mtu aliyechoka, akamvuta Sultani upindo wa joho, akanong'ona, "Maulana, niwie radhi. Mimi ndimi niliyeupima mji wa Mafumbi."

Sultani akanong'ona, "Ile mikeka mitatu?"

"Ile mitatu."

"Ehe?"

"Na sisi tulihesabu makaburi."

Sultani akamtazama. "Na maziwa?"

"Ziwa hatuna. Tulihesabu kisima. Kilikuwa na kuvu la kijani."

Basi Sultani akafura mashavu. Akafunga mdomo kwa mkono mmoja, akaongeza na wa pili. Machozi yakamtoka. Akageuka, akapita vijiani kwa vidole vya miguu, haraka haraka, akiliepuka kila kaburi, na joho lake amelikunja kama mwanamke anayevuka matope. Akatoka langoni. Akavuka njia. Akafika chini ya ukuta wa jirani, na hapo akaachia, na kicheko alichokicheka kilisikika mpaka forodhani, hata Bi Tatu juu ya paa akasema, "Sasa twaweza kushuka."

Sultani alipokwisha kucheka, akajifuta, akamwita Mtumweni na Waziri na mjumbe, wote wakasimama njiani peku. Akasema, "Mtumweni, umefuata daftari, hukuongeza wala hukupunguza. Wewe na binti yako hamtatoka katika mji huu. Sasa niambie, wewe ungepimaje?"

Mtumweni akasema, "Maulana, mimi ni mchimbaji, sina elimu. Ila nikipima kaburi, siulizi lina majani mangapi. Nauliza, je, mwenyewe ataingia? Na bustani ni vivyo hivyo. Na tumchukue ajuza wa mtaa, tumpe mkeka wake. Muadhini akiadhini, ajuza na atoke nyumbani. Ikiwa kabla ya ikama amefika, ameingia bila ya kumwomba mtu, ametandika, na ameketi pakavu, basi hapo na pahesabiwe. Asipofika, au akikuta mlango, au akilowa, pasihesabiwe."

Sultani akasema, "Na kwa kipimo hicho mji wangu una mikeka mingapi?"

"Tangu wiki iliyopita, Maulana, hauna hata mmoja. Kabla ya hapo ulikuwa na nusu."

"Ile nusu ni ipi?"

"Ni Mkadini."

Sultani akamgeukia Waziri, naye Waziri Badiri alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu kana kwamba ameviazima. Sultani akamwambia, "Badiri, vigingi vile ulivipiga wewe, na utaving'oa wewe, sasa hivi, kwa mkono wako. Na miba uiondoe yote, maana watu watakuja peku. Ukisha, mwezi mzima kila alasiri utapanda juu ya paa la forodha, ustarehe katika mikeka yako saba."

Kisha akaamuru lango la bustani yake lifunguliwe kila siku tangu Alasiri hata Magharibi, bila bawabu. Wakapima upya kwa kipimo cha ajuza. Ikatoka mkeka mmoja kwa kila mtu, na shibiri tatu juu yake. Sultani akamwandikia mwenzake wa Mafumbi, "Ndugu yangu, nimepima. Raia zangu wana mkeka mmoja mmoja, ila wameukalia. Nasikia wako wana kisima."

Na siku ile ile ya arusi, pale pale njiani, Sultani akamwambia Mtumweni, "Omba zawadi."

Mtumweni akasema, "Maulana, wageni wangu mia na themanini wamenong'ona tangu Alasiri. Kuna wanawake mle ndani wamemeza vigelegele, nachelea watapata maradhi. Zawadi yangu ni ruhusa ya kuondoka."

Basi watu wakainuka, wakakusanya sahani zao, wakaokota hata punje ya wali iliyoanguka, wakawaaga wenyeji kwa salamu, wakatoka. Walipofika Mkadini, Waziri alikuwa akihangaika na kigingi cha mwisho, nao hawakumngoja. Wanawake wakafunua kanga. Na vigelegele vilivyopigwa hapo, wasema, viliwashtua njiwa wa mji mzima, wakazunguka angani hata jua likakaribia kuzama. Mpiga ngoma alipiga ngoma yenyewe, kwa kuwa paja lilikuwa limevimba. Mwanasha akaketi juu ya majani, mumewe kando yake, na watu wakala karamu kwa mara ya pili, wakasema kuwa pilau lililoliwa kwa sauti lina ladha nyingine.

Wakaishi kadiri walivyojaaliwa kuishi. Sultani Fumo Hashil akafariki, na Waziri akafariki, na Bi Tatu, aliyesema magoti yake hayana mwaka, akawazika wote wawili. Mtumweni naye siku yake ikafika, na kijana mshona kofia ndiye aliyeshika jembe, akachimba pale palipokwisha kupimwa, wala hapakupungua hata shibiri.

Hekaya hii niliipata kwa marehemu mke wangu, aliyekuwa akiisimulia huku akisuka ukili wa mkeka, na akifika penye vigelegele vya ndani kwa ndani husimama acheke kwanza. Tumemzika mwaka huu. Ee Mwenyezi Mungu, warehemu hao wote waliotajwa, na umrehemu naye, na uwarehemu maiti wa kila asomaye maneno haya. Wapanulie makaburi yao mpaka upeo wa macho yao, watilie nuru ndani yake, na uyafanye kuwa bustani miongoni mwa bustani za Peponi. Amina.